Nyumba ya Bunju

Mkia wake ulikuwa umegusa kioo cha kushoto na mdomo wake umegusa kioo cha kulia, na katikati mwili ulikuwa umepinda kama ndizi. Ndivyo nilivyomkuta asubuhi ile katika sebule ya Citoyen Ngosa, nikiwa na ndoo mikononi na viatu vyangu nimeviacha mlangoni. Jicho moja lilinitazama mimi. Jingine, maana bunju, samaki yule wa kujivimbisha, hugeuza kila jicho kwa wakati wake, lilitazama juu, kwenye maji machache yaliyofunika mgongo wake.

"Iko muzima?" aliuliza mama mwenye nyumba nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

"Iko muzima," nikasema.

Tulishusha pumzi pamoja, mimi na yeye, ingawa hatukuwa marafiki. Kisha nikapiga magoti, nikatumbukiza mpira ndani ya yale maji machafu, nikayavuta kwa mdomo mpaka yakaanza kutiririka yenyewe kwenye ndoo. Ladha yake niliizoea haraka: chungu kidogo, kama sarafu ya zamani. Mume wangu alikuwa amefungiwa mahali nisipopajua. Samaki yule akifa, singemwona tena. Nilikuwa nimeambiwa hivyo waziwazi, na aliyeniambia alikuwa akila papai.

Mume wangu aliitwa Asumani. Kwao, kama kwetu, ni Kasongo ya Maniema, kwa wale mababu waliokuja na misafara kutoka pwani wakabaki, wakaoa, wakasahau njia ya kurudi. Alikuwa mfanyabiashara wa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa ambao kwingine wanaitwa dagaa. Alisafiri kwa treni mpaka Kalemie, akarudi na magunia, nami nikauza katika duka letu la mbele ya nyumba, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu, si ile nchi. Tulikuwa na mtoto mmoja, Asha. Hatukuwa matajiri, lakini hatukulala njaa, na miaka ile hilo halikuwa jambo dogo.

Bunju wa kwanza alikuja ndani ya bidoni ya mafuta iliyooshwa kwa majivu. Mvuvi wa Kalemie alikuwa amemnasa bila kumtaka. Wavuvi hawamli, wanamtupa, kwa kuwa nyama yake ina sumu. Asumani alimwona mchangani amejaza tumbo hewa, mviringo kama chungu, macho yanazunguka, akamwonea huruma. Alikuwa mdogo wa kutosha kukaa kwenye kiganja. Tulimtia katika karai la kufulia. Asha alimpa konokono, naye akawavunja kwa meno yake manne yaliyo kama mdomo wa kasuku, tukasikia ko, ko, tukacheka. Hakumaliza mwezi. Maji yalimchafukia, akalala ubavu.

Wa pili Asumani alimnunulia sanduku la vioo kutoka kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga mizigo baada ya duka lake kupewa mwenyeji. Sanduku zuri, tukaliweka juu ya meza. Bunju yule aliishi karibu mwaka, akakua haraka kuliko mtoto, na kadiri alivyokua ndivyo alivyoanza kwenda na kurudi mbele ya kioo, kwenda na kurudi, bila kula, mpaka ngozi ya midomo yake ikachubuka. Naye akafa. Siku hiyo mume wangu alikaa mbele ya lile sanduku tangu alfajiri mpaka wateja wakaanza kumwita.

"Si ugonjwa," aliniambia. "Tulimupa chumba ya kulalia, tukasema ni nyumba."

Alipomleta wa tatu, alikuwa ameshajua la kufanya kabla hajapanda treni. Chumba chetu cha nyuma, kile nilichokitaka kiwe cha Asha, alikijengea birika la matofali na saruji. Tulibishana sana juu ya ukubwa. Mimi nilitaka ubaki upenyo wa kitanda. Yeye alichukua kamba, akapima mbele ya macho yangu. Wazee wa Kalemie walimwambia bunju mzima anafika urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka begani mpaka ncha za vidole. Basi upana wa maji, alisema, lazima uwe mara mbili ya huo, ili ageuke bila kukunja mkia. Na urefu uwe mara nne, ili akianza safari aone kwamba ameenda mahali. "Na maji mengi yanachelewa kuchafuka," akasema. "Samaki mukubwa mu maji kidogo anakunywa taka yake mwenyewe." Birika lilichukua chumba kizima isipokuwa njia nyembamba ya kupita mtu kwa ubavu. Upande wa mlango aliweka dirisha la kioo kinene. Asha akaendelea kulala miguuni petu.

Nilinuna wiki nzima. Halafu tukafungulia maji, tukayaacha yatulie, tukamtia bunju, na usiku wa kwanza wa baridi Asumani akaniomba mbabula yangu ya makaa aiweke mle chumbani, maana samaki wa ziwa hawezi baridi yetu ya Juni. Nikampa. Sijui ni siku gani nilianza kuingia mle mwenyewe, kazi zikiisha, nikakaa juu ya kigoda. Alikuwa wa manjano, amechorwa mistari myeusi iliyozungukana kama njia za mchwa kwenye ubao. Akiniona alikuja. Hakuna mnyama aliyewahi kunijia hivyo bila kunidai chakula.

Watu wakaanza kuja Jumapili kumtazama. Majirani kwanza, kisha walimu, kisha wafanyakazi wa mgodi kutoka Kipushi na wake zao waliovaa vizuri. Kama tungekuwa na akili tungefunga mlango. Ulikuwa mwaka wa vita ya kwanza ya Shaba, hivyo ndivyo mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo. Wapiganaji walikuwa wameingia kutoka Angola. Mjini kila mtu alimwangalia mwenzake kwanza mikono, halafu mdomo. Katika mwaka kama huo si vizuri kuwa na kitu kinachotajwa na watu.

Citoyen Ngosa, maana wakati huo kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, alikuja mchana, bila kelele, amevaa abakosti ya kijivu, suti ile isiyo na tai, na beji ya Chama tawala kifuani. Cheo chake hasa sikuwahi kukijua. Watu walijua tu kwamba akipiga simu, gari linatoka mahali fulani. Alisimama mbele ya dirisha la birika, bunju akamjia kama alivyomjia kila mtu, na uso wa yule bwana ukalainika. Nakumbuka hilo, na mpaka leo linanisumbua: alimpenda kweli.

"Njo huyu banaongea mu muji muzima?"

"Njo yeye, citoyen," Asumani akasema.

"Iko muzuri. Kesho nitatuma gari, bamulete kwangu."

Nilijua jibu. Kila mtu katika nchi ile alijua jibu. Nilimtazama mume wangu nikimwomba kwa macho aliseme.

"Kwenu kuko aquarium ya namna gani?" akauliza.

Ngosa hakukasirika. Alieleza kwa fahari kwamba iko ndani ya ukuta, kati ya sebule na chumba cha kulia, Mbelgiji aliyejenga nyumba ndiye aliiacha, ya vioo, na taa yake. Akaweka viganja mbele yake kuonyesha urefu. Havikupita upana wa mabega yake.

"Ile iko kadogo, citoyen," Asumani akasema. "Hataweza kugeuka. Maji itaharibika mbio. Atakufa."

"Unasema nyumba yangu iko kadogo?"

"Hapana, si nyumba. Aquarium. Lakini mukibomoa ule ukuta, mujenge kama hii yetu..."

"Kubomoa," Ngosa akarudia taratibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Alituaga kwa adabu, akamshika Asha kidevu, akaondoka. Asumani alidhani amemshauri mtu juu ya samaki. Mimi nilikuwa nimeshikilia fremu ya mlango, nikitazama njia aliyopita.

"Ungemupa tu," nilisema.

"Angekufa."

"Nani?"

Alikwenda kumtilia bunju konokono.

Walimchukua Asumani kesho yake adhuhuri, dukani, mbele ya magunia na wateja. Hawakupiga kelele wala kumpiga. Mmoja wao alikuwa na kopo la ndakala mkononi, alikuwa anajifanya mnunuzi, akalirudisha mezani kwa uangalifu ili zisimwagike. Shemeji yangu Feruzi, kaka yake Asumani, alizunguka ofisi zote anazozijua na alizoambiwa. Alirudi jioni, akakaa chini kwenye sakafu, mtu mzima yule. Alisema kosa linaitwa kutaka kubomoa nyumba ya kiongozi wakati wa vita.

Gari la samaki lilikuja baadaye, na vijana wenye beseni la bati. Walimkamata kwa mikono mitupu. Bunju alijaza maji mpaka akawa mpira wa miiba midogo, wakaogopa, wakamwangusha sakafuni. Nilipiga kelele. Nilichukua gunia, nikalilowesha, nikamfunga kama mtoto mchanga, nikapanda nyuma ya lile gari pamoja naye bila kuulizwa na bila kuuliza. Asha nilimwachia Feruzi. Njia nzima ya kutoka Kenya mpaka mjini, chini ya ile miti ya maua ya zambarau, nilikuwa nammwagia maji kwa kiganja.

Ngosa alikuwa mezani anakula papai. Alitazama samaki akiingizwa katika kisanduku chake ukutani. Alitosha, kwa maana kwamba aliingia.

"Unaona?" aliniambia. "Anatosha."

Nilipiga magoti. Sitaeleza niliyoyasema, mke yeyote ataweza kuyakisia. Aliendelea kula mpaka nilipomaliza.

"Bwana yako alisema huyu samaki atakufa kwangu," akasema. "Basi tutaona. Akiishi, bwana yako ni muongo tu, na muongo tunaweza kumurudisha kwa bibi yake. Akikufa, ni kusema alimuroga, alitakia nyumba yangu mabaya. Umenisikia, mama?"

Nilimsikia. Nikaomba ruhusa ya kuja kila siku kumtunza samaki, akanipa kwa kutikisa kijiko.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kuthibitisha kwamba mume wangu ni mwongo.

Niliamka gizani, nikateremka mpaka kwenye mikondo ya mto Kafubu kutafuta konokono na kaa wadogo, nikatembea mpaka mjini na kikapu. Maji nilikuwa nayatayarisha siku iliyotangulia ndani ya mapipa nyuma ya jiko la ile nyumba, yatulie, yapoe ukali wa dawa ya mferejini, kisha niliyapasha moto kidogo kwa sufuria, nikayapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Asubuhi nilitoa nusu, nikarudisha nusu. Jioni tena. Katika birika letu tulikuwa tukibadili maji mara moja kwa wiki na hakuna aliyeumia. Pale, nikichelewa kati ya asubuhi na jioni, maji yaligeuka rangi, na bunju akaanza kupandisha mdomo juu kutafuta hewa.

Mama mwenye nyumba alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni. Jina lake la karatasi, lile la asili ambalo sheria ilitaka sote tuwe nalo, lilikuwa refu na sikulishika vizuri. Siku moja, bwana ametoka, aliniambia, "Kwetu Kongolo baliniita Honorine. Bwana akiwa haiko, unaweza kuniita vile." Alikuwa Mkatoliki, binti wa fundi wa reli, mwembamba, mwenye tabia ya kugusa shingo yake kabla ya kusema. Hakunionea huruma kwa maneno. Lakini asubuhi moja nilikuta mapipa yameshajazwa. Nyingine nikakuta mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko, na maji ya samaki yako safi, naye akasema tu kwamba jana jioni yalionekana mabaya.

Nilimwuliza kama bwana angeweza kukubali kujenga kubwa. Akagusa shingo.

"Ukimwambia iko kadogo, ni kama unamutukana. Mimi nilimwambia kitu moja tu ya namna ile, zamani. Juu ya kitanda ya batoto."

Akaichukua ndoo yangu, akaenda kuijaza mwenyewe.

Kulikuwa na bwawa la kuogelea bustanini, kavu tangu Mbelgiji aondoke, lina majani. Tulisimama ukingoni siku moja, mimi na yeye, bila kuambizana tunawaza nini. Pale bunju angeweza kwenda na kwenda. Lakini Mei ilikuwa imeanza, usiku tulitoa moshi midomoni, na maji ya nje yangemuua haraka kuliko yale ya ndani. Nilichagua lile sanduku. Nataka ieleweke kwamba nilipima, nikachagua: ajikunje mahali pa joto, apumue, aendelee kuwa hai, hata kama ni hai namna ile. Usiku nilipolala kitandani peke yangu, nilijua mtu mwingine naye mahali fulani amejikunja, na kwa ajili yake pia ningechagua hivyo hivyo.

Samaki alikuwa akipungua. Manjano yake ilififia ikawa rangi ya karatasi iliyosahauliwa juani. Aliacha kuvunja konokono. Nikaanza kuwavunja mimi kwa jiwe na kumtilia nyama mdomoni kwa kijiti. Meno ya bunju hayakomi kuota, yasipokwaruzwa na magamba ya konokono yanarefuka, na yake yalianza kuvuka mdomo.

Ilipofika sikukuu ya Chama, Ngosa alikaribisha watu. Kulikuwa na mgeni kutoka Kinshasa, mtu mfupi mwenye miwani ya dhahabu, na kila alipogeuka, wengine wote waligeuka pia. Mimi niliambiwa nikae karibu na samaki na ndoo yangu ifunikwe kwa kitambaa. Wageni waligonga kioo kwa pete zao. Bunju hakuwa na mahali pa kwenda, akafanya kitu pekee alichobakiwa nacho: alijivimbisha. Alijaza sanduku lile kutoka ukuta mpaka ukuta, miiba imegusa vioo pande zote, akakwama. Wanawake wakapiga makofi.

Yule wa Kinshasa aliinama, akatazama, akacheka. Alisema kwa Kifaransa, lakini kwa maneno mepesi ambayo hata mimi niliyasikia.

"Ngosa, rafiki yangu, nyumba yako ni ndogo mno kwa samaki huyu!"

Nilifumba macho. Nilifikiri kitu kitavunjika.

Ngosa alicheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha mfukoni akafuta macho. "Ni kweli, chef," akasema, yaani mkubwa wake. "Ni kweli kabisa! Ndogo mno!" Na sebule nzima ikacheka pamoja naye. Honorine alikuwa amesimama na sinia ya vinywaji. Hakucheka. Alinitazama moja kwa moja, na mimi nikamtazama, kisha akaiweka sinia mezani, glasi zote bado zimejaa.

"Ujenge kubwa," yule bwana akasema. "Nikirudi nitapenda kuiona."

"Ndiyo, chef."

Siku chache baadaye walimleta Asumani. Sikuambiwa. Nilikuwa nimepiga magoti na mpira mdomoni niliposikia mlango, nikageuka, nikamwona mtu aliyevaa shati la mtu mwingine. Alikuwa amesimama kama wanavyosimama watu wanaosubiri kuambiwa wakae wapi. Alikuwa amekonda, lakini si hilo. Nilipolitaja jina lake aligeuza kichwa chote, kwa sababu sikio la upande wangu lilikuwa halisikii tena.

Ngosa alikuwa na furaha. Alikuwa na kamba ya kupimia mkononi, ile ya mafundi. Alimwekea mume wangu mkono begani.

"Citoyen Asumani. Yale ya zamani yameisha. Nataka kujenga aquarium mukubwa, ya heshima. Tutabomoa huu ukuta." Alilitamka neno lile bila kulisikia. "Wewe njo unajua. Huyu samaki anaomba maji namna gani? Sema bila woga."

Asumani alitazama sanduku. Bunju alimjia. Hakukuwa na umbali wa kumjia, lakini aligeuza jicho, akasukuma mapezi, akaugusisha mdomo wake mbovu kwenye kioo mbele ya uso wa mume wangu. Nilijua sasa atalia. Nilijua sasa atasema.

"Ile iko inatosha, citoyen," akasema.

"Aah, hapana. Wewe mwenyewe ulisema iko kadogo."

"Nilikosa. Iko inatosha. Nyumba yenu iko mukubwa."

Ngosa alikunja uso. Nadhani alikuwa anajaribu kuona kama anachezewa, akakuta hakuna anayecheza. Niliinuka, maji yanamwagika kutoka kwenye mpira juu ya zulia, nikashika mkono wa mume wangu.

"Baba Asha, sema. Wanataka kujua. Sema ukubwa wa ile ya kwetu."

Aliutoa mkono wangu juu ya wake polepole, kama mtu anayeondoa mdudu bila kutaka kumuua.

"Mimi sijui habari ya samaki," akasema. "Mimi nauza ndakala."

"Mita tatu!" nilimwambia Ngosa. "Mita tatu, na upana nusu yake, na joto. Mimi nilimwona akipima. Mimi niliishi nayo!"

Yule bwana alinitazama, akamtazama mume wangu, akaipima ile kazi kichwani mwake: vumbi, mafundi, ukuta. Akaizungusha kamba, akaitia mfukoni.

"Mwenyewe amesema inatosha," akasema. "Muende kwenu."

Tulitembea. Hakutaka tupande gari, na hakutaka tupite barabara kubwa. Kila gari liliposikika nyuma yetu, upande wa sikio lake lililo hai, alisimama kando, mikono imenyooka mapajani, mpaka lipite. Nilikuwa na furaha, niseme kweli, furaha iliyoniuma kama chakula cha moto. Nilikuwa naye. Na chini ya furaha kulikuwa na hasira niliyoionea aibu, kwa ajili ya samaki.

Kwa siku zilizofuata tulingoja. Bunju asingeishi bila mimi kumtilia nyama mdomoni, na mimi nilikuwa nimefukuzwa. Akifa, yale maneno ya papai yalikuwa bado yako palepale: alimroga. Nilimfungia Asha nguo zake katika kitambaa, tayari kupelekwa kwa Feruzi katika mashamba ya Annexe, nje ya mji. Asumani alikaa nyuma ya duka, mgongo ukutani, anatazama mlango. Nilipomwuliza atakula nini alisema chochote.

Gari halikuja. Juni ikapita yote. Likapita moja jeusi siku ya soko, likaenda zake.

Honorine alikuja mwezi wa Julai, kwa miguu, asubuhi ya baridi kali, kitenge amekivuta mpaka masikioni. Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Nadhani aliuliza njia. Alisimama mbele ya meza ya duka kama mteja yeyote. Alipofungua kinywa kunisalimu niliona kwamba meno ya mbele hayako, na taya la upande mmoja lilikuwa limeunga vibaya, limepanda juu kidogo. Salamu yake ilitoka na upepo.

Alisema samaki alikufa siku ya tatu baada ya sisi kuondoka. Alimkuta yeye, mapema, kabla bwana hajaamka. Akachukua sabuni ya kufulia, akaikatakata ndani ya maji mpaka yakatoa povu. Kisha akaenda kumwamsha bwana wake. Akamwambia alikuwa anasafisha kioo, akakosea, ni yeye aliyemuua.

Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisogea. Asumani alikuwa pale nyuma ya pazia. Hakutoka.

"Mama Honorine," nilisema. "Juu ya nini ulifanya vile?"

Aligusa shingo yake.

"Hapana kuniuliza," akasema. "Unipimie ndakala, mama Asha."

Nikachukua kopo. Nililijaza, nikaongeza, nikaongeza tena kwa viganja, zikawa mlima, zikaanza kuteleza na kumwagika juu ya meza na chini kwenye miguu yetu, nami sikuweza kuacha, mpaka yeye akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Basi, mama. Basi."